William Sealy Gosset

William Sealy Gosset (13 Juni 1876 – 16 Oktoba 1937) alikuwa mwanatakwimu na mwanakemia kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Anajulikana zaidi kwa lakabu yake Student, ambayo aliitumia kutia sahihi karibu makala zake zote za kisayansi. Makala yake ya mwaka 1908 ndiyo chanzo cha mgawanyo wa t na jaribio la t, ambalo ni miongoni mwa njia za takwimu zinazotumika sana duniani katika tiba, kilimo, saikolojia, elimu na viwanda.

Gosset hakuwahi kuwa profesa wala hakuandika kitabu. Katika miaka 30 alitoa makala 20 hivi tu. Hata hivyo kila mwanafunzi wa takwimu hukutana na lakabu yake katika masomo ya mwanzo, ingawa wengi hawajui jina lake halisi. Kwa sababu hiyo maisha yake hutajwa mara nyingi panapojadiliwa namna ya kupima mchango wa mwanasayansi kwa kuhesabu makala alizoandika au mara ambazo zimerejelewa na wengine.

Maisha ya awali na elimu

Gosset alizaliwa mjini Canterbury, katika eneo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Kanali Frederic Gosset, ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, na mke wake Agnes Sealy Vidal. Yeye mwenyewe alitarajiwa kuingia katika kikosi hicho cha baba yake, lakini alizuiwa na udhaifu wa macho.

Alisoma shule ya Winchester, kisha akajiunga na New College katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alipata daraja la kwanza katika mtihani wa awali wa hisabati mwaka 1897, na daraja la kwanza katika shahada ya kemia mwaka 1899. Muungano huo wa masomo mawili ulikuwa na faida baadaye: kama mwanakemia alijua jinsi vipimo vinavyopatikana maabara, na kama mwanahisabati aliweza kuuliza ni kwa kiasi gani vipimo hivyo vinaaminika.

Guinness na tatizo la sampuli ndogo

Mwaka 1899 Gosset aliajiriwa na kampuni ya Arthur Guinness, Son & Co. mjini Dublin. Wakati ule kisiwa chote cha Eire kilikuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1759, ilikuwa mojawapo ya viwanda vikubwa zaidi vya bia duniani. Tangu miaka ya 1890 ilikuwa imeanza kuajiri vijana waliohitimu sayansi Oxford na Cambridge, ili utengenezaji wa bia usitegemee tu uzoefu wa mafundi bali pia vipimo.

Vijana hao walipewa maswali ya kila siku ya kiwanda. Je, shayiri ya aina hii inatoa kimea bora kuliko ile? Je, hopsi za msimu huu zina ubora uleule wa mwaka jana? Ni kiasi gani cha hamira kitiwe katika pipa? Majibu yalitafutwa kwa majaribio, na majaribio yalitoa tarakimu. Tatizo ni kwamba tarakimu zenyewe zilikuwa chache. Shayiri huvunwa mara moja kwa mwaka, na kila aina ilipandwa katika mashamba machache tu. Jaribio la maabara lilichukua siku nyingi, na hali ya joto na unyevu ilibadilika kabla halijarudiwa mara kumi.

Nadharia ya takwimu ya wakati ule ilikuwa imejengwa kwa ajili ya sampuli kubwa. Mtafiti aliyekuwa na vipimo mamia au maelfu aliweza kukokotoa wastani, kisha akakadiria kosa la wastani huo kwa kutumia mtawanyiko wa vipimo vyake. Mtawanyiko huo hupimwa kwa mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi vipimo vinavyokaa mbali na wastani wao. Vipimo vikiwa vingi, mchepuko sanifu hukadiriwa vizuri na hesabu inakwenda sawa. Lakini vikiwa vinne au vitano tu, mchepuko sanifu wenyewe hauna uhakika. Sampuli ndogo mara nyingi huonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ule uliopo kweli, na mtafiti hujikuta ana imani kubwa kuliko inavyostahili.

Mwaka 1904 Gosset aliandika ripoti ya ndani ya kampuni kuhusu matumizi ya sheria ya makosa katika kazi ya kiwanda. Alieleza kwamba kiwanda kinahitaji kujua ni kwa uwezekano gani matokeo ya majaribio ni ya kweli, kwa kuwa maamuzi ya fedha nyingi yalitegemea matokeo hayo. Alipendekeza pia kwamba ushauri utafutwe kwa mtaalamu wa hisabati.

Mwaka mmoja kwa Karl Pearson

Mtaalamu huyo alikuwa Karl Pearson, profesa wa Chuo Kikuu cha London (University College London) na mwasisi wa jarida la Biometrika. Gosset alikutana naye kwa mara ya kwanza Julai 1905, akimwendea kwa baiskeli mahali Pearson alipokuwa likizoni. Katika mazungumzo hayo mafupi alijifunza njia karibu zote za takwimu zilizokuwa zikitumika wakati ule.

Kampuni ilimruhusu kwenda masomoni, na katika mwaka wa 1906–1907 alifanya kazi katika maabara ya Pearson mjini London. Matokeo yake ya kwanza yalikuwa makala ya mwaka 1907 kuhusu kosa la kuhesabu chembe za hamira kwa hadubini. Mtengenezaji wa bia huchukua tone la maji yenye hamira, hulitandaza juu ya kioo kilichogawanywa katika miraba midogo, kisha huhesabu chembe katika kila mraba. Gosset alitumia sampuli nne, kila moja ikiwa na miraba 400. Alionyesha kwamba idadi ya chembe katika mraba inafuata kanuni ambayo leo inaitwa mgawanyo wa Poisson, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson. Kutokana na hilo aliweza kusema ni chembe ngapi zihesabiwe ili kipimo kifikie usahihi unaotakiwa.

Pearson alimsaidia sana kwa hisabati na kwa kumpa nafasi katika jarida lake. Lakini yeye mwenyewe alizoea sampuli za mamia ya vipimo na hakuona kwamba suala la sampuli ndogo lilikuwa na uzito mkubwa. Kwa maoni yake mtafiti makini angetafuta vipimo zaidi. Gosset alijua kwamba katika kiwanda na shambani jambo hilo mara nyingi haliwezekani.

Makala ya 1908

Mnamo Machi 1908 Biometrika ilichapa makala ya Gosset kuhusu kosa linalowezekana la wastani, yenye kurasa 25. Humo aliuliza swali moja: ikiwa mtu ana vipimo vichache tu na hajui mtawanyiko halisi, je, anaweza kusema nini kwa uhakika kuhusu wastani?

Gosset alianza kwa kutafuta jinsi mchepuko sanifu wa sampuli ndogo unavyobadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine. Alikokotoa sifa kadhaa za mgawanyo wake, akaona zinalingana na mojawapo ya mikunjo iliyoelezwa na Pearson, akakisia kwamba ndio wenyewe. Kisha alitafuta mgawanyo wa uwiano kati ya kosa la wastani na mchepuko sanifu wa sampuli. Uthibitisho wake haukuwa kamili kwa vipimo vya wanahisabati, na hilo alilijua. Lakini jibu lilikuwa sahihi.

Ili kujiridhisha alifanya jaribio ambalo leo huhesabiwa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya uigaji katika takwimu. Alichukua orodha ya urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa wafungwa 3,000, iliyokuwa imechapwa katika jarida hilohilo. Vipimo hivyo viliandikwa kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, vikachanganywa vizuri, kisha vikagawanywa katika makundi 750 ya vipande vinne vinne. Kwa kila kundi alikokotoa wastani na mchepuko sanifu kwa mkono, akalinganisha matokeo na nadharia yake. Vililingana kwa kiasi cha kuridhisha.

Makala hiyo ilikuwa na jedwali la uwezekano kwa sampuli za vipimo 4 hadi 10, pamoja na mifano. Mfano maarufu ni wa wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti. Kwa wastani dawa moja iliwaongezea usingizi wa saa 1.58 zaidi ya nyingine. Kwa jedwali lake Gosset alipata kwamba uwezekano wa dawa hiyo kuwa bora kweli ulikuwa takriban 666 kwa 1. Kama angetumia hesabu ya kawaida ya sampuli kubwa, angepata zaidi ya 40,000 kwa 1. Tofauti hiyo inaonyesha hatari aliyotaka kuiepuka: tarakimu zilezile, zikisomwa kwa kanuni isiyofaa, zinampa mtafiti imani kubwa isiyo na msingi.

Septemba mwaka huohuo alichapa makala nyingine kuhusu kosa la kipimo cha uhusiano kati ya vitu viwili, pia kwa sampuli ndogo.

Wazo la mgawanyo huo lilikuwa limeonekana mapema. Mwanahisabati Mjerumani Jacob Lüroth aliupata mwaka 1876, mwaka uleule Gosset alipozaliwa, na Francis Edgeworth wa Uingereza aliukaribia mwaka 1883. Lakini hawakuugeuza kuwa chombo cha kazi chenye jedwali na mifano ya kufuata, na maandishi yao hayakujulikana kwa watu waliouhitaji.

Lakabu ya Student

Kampuni ya Guinness haikuruhusu wafanyakazi wake kuchapa matokeo ya utafiti kwa uhuru, ikihofia siri za biashara kufika kwa washindani. Baada ya maombi, Gosset aliruhusiwa kuchapa kwa masharti: asitaje bia, asitaje kampuni, na asitumie jina lake. Ndiyo sababu alitia sahihi Student, yaani mwanafunzi. Wafanyakazi wenzake waliochapa baadaye walitumia pia lakabu za namna hiyo, kama Sophister na Mathetes.

Sharti hilo linaeleza pia mifano iliyomo katika makala zake. Mwaka 1908 alitumia usingizi wa wagonjwa na vidole vya wafungwa badala ya shayiri na kimea cha kiwanda chake. Wataalamu waliomwandikia barua walijua yeye ni nani, lakini kwa wasomaji wengi jina la Gosset lilibaki limefichwa hadi alipofariki.

Fisher na kuenea kwa jaribio la t

Kwa zaidi ya miaka 10 makala ya 1908 haikuvuta watu wengi. Nje ya kiwanda cha Guinness jedwali lake lilitumiwa na wachache sana. Mabadiliko yaliletwa na Ronald Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wa hisabati Cambridge alipomwandikia Gosset mwaka 1912. Fisher alimpelekea uthibitisho kamili wa kanuni yake, aliopata kwa kuziona sampuli kama nukta katika nafasi yenye vipimo vingi. Gosset hakuweza kuufuata vizuri, akampelekea Pearson, lakini haukuchapishwa wakati huo. Mwaka 1915 Fisher alitumia njia hiyohiyo katika makala yake kuhusu kipimo cha uhusiano, jambo alilolianza Gosset mwaka 1908.

Kuanzia mwaka 1919 Fisher alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako naye alikutana na mashamba machache na misimu mifupi. Aliona kwamba kanuni ya Student inafaa kwa matatizo mengi zaidi: kulinganisha makundi mawili, kupima mwinamo wa mstari, na mengineyo. Katika barua walizoandikiana uwiano wa Gosset ulibadilishwa kidogo na kupewa herufi t. Fisher pia aliingiza wazo la kuhesabu idadi ya vipimo vilivyo huru, ambayo katika sampuli moja ni idadi ya vipimo kutoa kimoja. Kwa mfano, mwenye vipimo vinne anahitaji t ifikie 3.182 ili aamini matokeo kwa kiwango cha asilimia 95, ilhali mwenye vipimo 10 anahitaji 2.262, na mwenye vipimo vingi mno anahitaji 1.960 tu.

Alipomtumia Fisher jedwali lake mwaka 1922, Gosset alimwambia kwamba pengine yeye ndiye mtu pekee atakayelitumia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1925, Fisher alichapa kitabu chake kuhusu njia za takwimu kwa watafiti, na jaribio la t likiwa ndani yake. Mwaka huohuo Gosset alichapa jedwali jipya, refu zaidi, katika jarida la Metron la Italia. Kitabu cha Fisher kilipokelewa katika vituo vya kilimo na maabara za nchi nyingi, na lakabu ya Student ilisafiri pamoja nacho.

Gosset alichangia wazo lingine kubwa kwa barua. Mwaka 1926 alimweleza Egon Pearson, mtoto wa Karl Pearson, kwamba haitoshi kuikataa nadharia tete kwa sababu tu sampuli inaonekana ya nadra chini yake. Sababu ya kuikataa hupatikana pale ambapo ipo nadharia tete nyingine inayoeleza sampuli hiyo vizuri zaidi. Kutoka hapo Egon Pearson na Jerzy Neyman walijenga nadharia yao ya kupima nadharia tete, iliyokamilishwa mwaka 1933. Wazo hilo la Gosset halikutokea kama makala, na kwa hiyo halimo katika orodha ya maandishi yake.

Utafiti wa shayiri na maziwa

Sehemu kubwa ya muda wake Gosset aliitumia kwa majaribio ya shayiri, akishirikiana na idara ya kilimo ya Eire na na E. S. Beaven, mfugaji mbegu wa Warminster nchini Uingereza. Aligundua kwamba udongo hubadilika hata ndani ya shamba moja, na kwamba vitalu vilivyo karibu hufanana kuliko vilivyo mbali. Kwa hiyo ni bora kupanda aina mbili ubavu kwa ubavu na kulinganisha jozi, kuliko kuzipanda katika mashamba mawili makubwa yaliyotengana. Maelezo yake ya mwaka 1911 na makala ya mwaka 1923 kuhusu kupima aina za nafaka yalihusu jambo hilo.

Mwaka 1931 aliandika uchambuzi wa jaribio la maziwa la Lanarkshire, Uskoti, ambao hadi leo hutumika kufundishia. Mwaka 1930 watoto 20,000 wa shule 67 walishiriki katika jaribio hilo kwa miezi minne. Watoto 10,000 walipewa maziwa kila siku, nusu yao mabichi na nusu yaliyopashwa joto kuua vijidudu, na 10,000 wengine hawakupewa. Mpango ulitaka watoto wagawanywe kwa kura au kwa herufi za majina, lakini walimu waliruhusiwa kubadilisha pale kundi moja lilipoonekana kuwa na watoto wengi wenye afya nzuri au mbaya.

Gosset alionyesha kilichotokea. Mwanzoni mwa jaribio watoto wasiopewa maziwa walikuwa tayari wazito na warefu kuliko waliopewa, kwa kiasi cha ukuaji wa miezi mitatu hadi minne. Yaelekea walimu, kwa huruma, waliwapeleka watoto maskini na wadhaifu kwenye kundi la maziwa. Tena watoto walipimwa uzito wakiwa na nguo, Februari wakati wa baridi na Juni wakati wa joto. Watoto wa wenye uwezo walivua nguo nzito za baridi, ilhali maskini hawakuwa na nyingi za kuvua, na tofauti hiyo ilihesabiwa kama ukuaji. Mwisho, hakuna shule iliyopata maziwa ya aina zote mbili, hivyo aina hizo zisingeweza kulinganishwa kwa haki. Alipendekeza jaribio la jozi 50 za mapacha wanaofanana, ambalo lingetoa jibu la kuaminika zaidi kwa sehemu ndogo ya gharama. Mtu aliyeanza kwa kutetea sampuli ndogo alionyesha hapo kwamba sampuli kubwa peke yake haitoshi ikiwa imepangwa vibaya.

Mabishano kuhusu bahati nasibu

Katika miaka ya 1930 uhusiano kati ya Karl Pearson na Fisher ulikuwa mbaya sana, lakini Gosset aliendelea kuwa rafiki wa wote wawili. Hata hivyo miaka yake ya mwisho alitofautiana na Fisher kuhusu jinsi ya kupanga vitalu shambani. Fisher alishikilia kwamba vigawanywe kwa bahati nasibu, kwani bila hivyo kosa haliwezi kukadiriwa kwa haki. Gosset alikubali faida ya bahati nasibu, lakini aliona kwamba mpango uliosawazishwa kwa makusudi, unaozingatia mwelekeo wa rutuba ya udongo, hupunguza kosa halisi na kumfaa zaidi mkulima. Makala yake ya mwisho kuhusu suala hilo ilichapishwa mwaka 1938, baada ya kifo chake. Wataalamu wengi walifuata upande wa Fisher, ingawa hoja za Gosset zimerudi kujadiliwa mara kwa mara.

Wingi wa kazi na marejeleo

Kwa vipimo vya sasa, Gosset aliandika kidogo. Makala zake 20 hivi zilitoka kati ya mwaka 1907 na 1938, nyingi zikiwa katika Biometrika. Mbali na zilizotajwa hapo juu zimo makala ya mwaka 1914 kuhusu kuondoa uhusiano wa uongo unaotokana na mpito wa wakati, na ya mwaka 1927 kuhusu makosa katika vipimo vya kila siku vya maabara. Zote zilianzia katika swali la kazi. Mwaka 1942 Egon Pearson na John Wishart walizikusanya katika kitabu kimoja.

Kuhesabu marejeleo ya kazi hizo ni kugumu kwa sababu kadhaa. Kwanza, faharasa ya marejeleo ya kisayansi ya Eugene Garfield ilianza mwaka 1964, miaka 27 baada ya Gosset kufariki, hivyo athari za miongo ya kwanza hazikurekodiwa zilipotokea. Pili, waliomrejelea walimwandika Student, na mara nyingi walirejelea kitabu cha Fisher badala ya makala yenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, watafiti wanaotumia jaribio la t leo hawarejelei makala yoyote. Kanuni imekuwa mali ya wote, kama vile mtu anayetumia nadharia ya Pythagoras asivyotaja chanzo. Mwanasosholojia Mmarekani Robert K. Merton aliieleza hali hii: wazo likikubalika kabisa, chanzo chake huacha kutajwa.

Kwa hiyo idadi ya marejeleo ya makala ya 1908, ingawa ni maelfu, inaonyesha sehemu ndogo tu ya matumizi yake. Aidha, kama kazi hiyo ingepimwa mwaka 1918, miaka 10 baada ya kutoka, ingeonekana kuwa karibu haina athari.

Maisha binafsi na kifo

Gosset alimwoa Marjory Surtees Phillpotts mwezi Januari 1906. Mke wake alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa magongo. Walipata mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na waliishi Blackrock, karibu na Dublin.

Waliomfahamu walimweleza kama mtu mpole, mnyenyekevu na mcheshi. Alipenda bustani, useremala, uvuvi na mashua. Alijiundia mashua ya kuvulia yenye usukani kila upande. Hesabu zake nyingi alizifanya nyumbani usiku, mara nyingi nyuma ya bahasha au karatasi zilizotumika.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia upande wa sayansi katika kiwanda kipya cha Guinness cha Park Royal. Mwaka 1937 alipandishwa kuwa mtengenezaji mkuu wa bia wa kampuni. Miezi michache tu baadaye, tarehe 16 Oktoba 1937, alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Beaconsfield, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 61.

Urithi

Baada ya kifo chake Fisher na Egon Pearson waliandika kumbukumbu zake, kila mmoja kwa upande wake. Wasifu mrefu ulioandikwa na Egon Pearson ulichapishwa mwaka 1990.

Mgawanyo wa t na jaribio la t hufundishwa katika vyuo vikuu vya nchi zote, na umo katika programu zote za takwimu. Katika programu huria ya R, inayotumiwa na wanafunzi na watafiti wengi, data za usingizi za wagonjwa 10 zilizotumika mwaka 1908 zimewekwa tayari kama mfano wa kujifunzia. Mwanafunzi akizifungua hurudia hesabu ileile aliyoifanya Gosset kwa mkono. Katika maelezo ya data hizo mwandishi ametajwa kwa lakabu tu: Student.